Tulivyoisindikiza Chapati Kwao

Nchi ya Chimbuko imepakana upande mmoja na usingizi, na upande wa pili na kipindi cha historia kinachofuata chakula cha mchana. Njia ya kufika huko naijua lakini siitoi, kwa kuwa mwalimu wa zamu husoma kila ninachoandika. Inatosha kusema kwamba nilikwenda kwa nia njema, nikiwa na sare kamili ya shule, na kwamba niliyoyaona nayaeleza kama yalivyokuwa, bila kuongeza chumvi isipokuwa ile iliyokuwa tayari kwenye unga.

Mji mkuu wa Chimbuko ni safi na watu wake ni wapole. Kinachomgusa mgeni kwanza ni vidole. Kila mtu ananyoosha kidole. Mnunuzi anamwendea muuzaji, anaonyesha kitu, anakohoa; muuzaji anakohoa pia, kisha anakitoa. Nilidhani ni mji wa wagonjwa wa kifua. Nikasimama nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akijaribu kununua kitu kisichokuwepo, kwa hiyo hakuwa na cha kunyooshea kidole.

"Nataka kile cha kulalia," mzee alisema.

"Kitanda," akasema muuzaji.

"Si kitanda. Cha juu ya kitanda."

"Shuka."

"Cha chini ya shuka. Hapo katikati."

"Hapo katikati palikuwa na kitu," muuzaji alikubali kwa huzuni. "Kimechukuliwa."

Mimi, ambaye kitu hicho kwenye kitanda changu cha bweni kimebonyea hadi kinafanana na mtumbwi, nilimwonea huruma. Nikamsaidia kwa moyo safi. "Mzee anataka godoro," nilisema.

Mtaa mzima ukanigeukia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikanda unga kwenye kibanda cha jirani akanyoosha mkono, akaniziba mdomo. Kiganja chake kilikuwa na unga, na hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Bi Kazija: kwa kumla kidogo.

"Mwanangu, wewe ni mgeni," alisema. "Hilo limesharudishwa kwao. Usilitaje, utatuletea watu."

Alinikalisha nyuma ya kibanda chake, akanieleza sheria ya nchi. Naiandika hapa kwa manufaa ya wasomaji wanaopenda sheria.

Chimbuko wanaamini kwamba kila neno lina kwao, na kwamba neno lenye adabu hukaa kwao. Kwa hiyo ipo Ofisi ya Asili, ambayo kazi yake ni kuyakamata maneno moja moja, kuyauliza yametoka wapi, na yale yaliyotoka nje kuyarudisha. Mpaka hapo mtu anaweza kuvumilia. Lakini iko sheria ya pili, fupi, inayofundishwa watoto kabla ya hesabu: kitu kisicho na jina hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha Ofisi.

Neno godoro liligunduliwa kuwa la Kigujarati, likarudishwa. Magodoro hayakuwa na jina tena, kwa hiyo hayakuwa ya mtu. Magari ya Ofisi yalipita nyumba kwa nyumba kuyachukua, na baadaye, neno gari lilipogunduliwa kuwa la Kihindi, hata madereva wa Ofisi walipata shida kueleza walikuwa wamekuja na nini. Bangili zilivuliwa mikononi. Magunia yalikwenda na mahindi yakiwa ndani, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuomba ayamwage kwanza bila kutaja yalimokuwa. Neno laki lilipoondoka, hazina ya nchi ikawa inahesabu mpaka elfu tisini na tisa na ushee. Kinachozidi hapo hakina jina, na msomaji ameshajua kinakwenda wapi. Wanaohitimu masomo huitwa jukwaani, hupewa kitu cha karatasi, na huombwa wasikitaje, maana neno cheti nalo lilikwenda.

Aliyenisikitisha zaidi ni dobi. Mtu yule alikuwa na mke, watoto na pasi mbili za mkaa. Siku neno dobi lilipochukuliwa, akawa hana jina la kazi, kwa hiyo akawa hana mwenyewe, na tangu hapo anafua nguo za Ofisi bure. Nilimwona akipita na furushi kichwani. Bi Kazija alimsalimia kwa kukohoa.

"Na wewe, Bi Kazija?" niliuliza. "Wewe unapika nini?"

Aliinua kitambaa kilichofunika sinia.

Lazima hapa nieleze jambo moja. Shuleni kwetu chapati huonekana siku ya mahafali tu, na kila mwanafunzi hupata nusu. Nimeshuhudia urafiki wa miaka mitatu ukivunjika juu ya namna nusu hiyo ilivyokatwa. Kwenye sinia la Bi Kazija kulikuwa na rundo zima, laini, zenye madoa ya kahawia, kila moja duara kamili isiyoguswa na kisu cha mpishi wa shule. Nikakosa la kusema, jambo ambalo walimu wangu hawataliamini.

"Leo ni zamu yake," alisema Bi Kazija, akalifunika. "Neno lake linapelekwa Barazani. Likiondoka, hizi si zangu. Wala kikaango. Wala kibanda, maana kibanda kimejengwa kwa ajili ya hizi. Mama yangu alipika hapa, nami nimelea watoto kwa moshi wa hapa. Kufika alasiri nitakuwa kama yule." Akaelekeza kidevu kule alikokwenda dobi.

Nilimwambia nitakwenda naye. Nasema kwa unyoofu kwamba nilikuwa na njaa, lakini haki na njaa zikielekea upande mmoja sioni ubaya.

Njiani tulipita mbele ya jengo zuri kuliko yote mjini, la ghorofa tatu, lenye bustani. Mlangoni paliandikwa: Idara ya Maneno ya Kiberberi. Kwenye ngazi alikuwa amekaa mtu mmoja mwembamba, mpole, suti yake imenyooshwa vizuri, akitazama barabara kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja.

"Huyu ni Bwana Magunila," alisema Bi Kazija. "Mkurugenzi. Hajawahi kumchukulia mtu kitu."

"Kwa uadilifu?"

"Kwa kukosa."

Bwana Magunila alifurahi sana kuniona. Alinieleza kwamba Waberberi, ambao wengi wao wenyewe hupenda zaidi jina la Amazigh, ni watu wa kaskazini ya Afrika, wa milimani na majangwani, na lugha zao ni za kale na za heshima. "Tuko nao bara moja," alisema. "Ungetarajia maneno yao yawe yamejaa hapa. Lakini Sahara ni kubwa, na maneno ni mavivu kutembea kwa miguu. Yale ya Kihindi yalipanda vyombo vya baharini, yakaja yamekaa."

"Hujapata hata moja?"

"Nilipata kuskusi, kile chakula cha chembe za ngano." Aliitaja kama mtu anavyomtaja mchumba aliyeolewa na mwingine. "Ni lao, hilo halina ubishi. Nililifikisha Barazani mwenyewe nimevaa tai. Wajumbe wakauliza nani katika Chimbuko anaila. Hakupatikana mtu. Wakasema huwezi kumrudisha mgeni ambaye hajafika." Akaonyesha jengo nyuma yake. "Nina naibu, nina mpiga chapa, nina watu wa bustani. Wote wananitazama asubuhi. Kijana, huko shuleni kwenu hamna neno la Kiberberi? Hata dogo. Hata la kuazima."

Nakiri kwamba nilikuwa na matatu ya kutunga tayari ulimini, mojawapo likiwa jina la utani la mwalimu wetu wa fizikia. Lakini alikuwa na macho mema mno. Nilimwambia nitauliza.

Barazani palikuwa pamejaa. Mbele, kwenye meza ndefu, alikaa Mpimaji Mkuu wa Maneno, Mheshimiwa Shekivuli. Lazima nimtendee haki: alikuwa msomi kweli. Hakuwa mmoja wa wale wanaobuni. Yeye peke yake katika nchi aliruhusiwa kuyataja maneno ya kigeni, kama mwalimu wa kemia anavyoruhusiwa kushika asidi, na aliyataja kwa ladha.

"Chapati," alisema, na watu wote wakatazama chini. "Ni neno la Kihindi. Huko linakaa karibu na maneno ya kubapa na kusawazisha, na maana yake ni mkate wa ngano usio na hamira, bapa kama kiganja. Limeingia kwetu pamoja na nduguze: achari, kachumbari, bepari, na wengine ambao Ofisi imeshawasaidia kurudi. Sina chuki nalo. Namwonea huruma mtu yeyote aliye mbali na kwao."

Mjumbe mmoja mnene aliyekaa mstari wa mbele aliinua mkono. "Kitu hicho hutiwa mafuta?"

"Hutiwa."

"Kila siku?"

"Nimearifiwa kila siku."

"Basi kirudishwe," alisema mjumbe, akameza mate.

Nikainua mkono, kwa adabu tuliyofundishwa kwenye chama cha mdahalo. "Mheshimiwa, mimi ni mgeni na nataka kujifunza. Sheria ni neno la Kiarabu. Mheshimiwa nalo, na kitabu, na wakati. Hayo yatarudi lini?"

"Hayo yamekaa siku nyingi," alisema bila kukasirika. "Yameoa. Yana wajukuu."

"Na meza? Ni Kireno."

Mheshimiwa Shekivuli aliondoa viwiko vyake mezani, akavitazama, akavirudisha. "Hilo limepewa muda."

"Na serikali, mheshimiwa? Nasikia Wahindi na Waajemi wana neno linalofanana nalo sana."

Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilimsikia mtu akifua nje.

"Hilo," alisema Mpimaji Mkuu, "linafanyiwa utafiti."

Kisha akauliza kama mwenye kitu ana la kusema. Bi Kazija akasimama. Hakuwa amejiandaa, na mikono yake ilikuwa bado na unga hadi kwenye viwiko.

"Mimi sibishani na wasomi," alisema. "Kama ni mgeni, ni mgeni. Lakini amekaa kwangu, na kabla yangu alikaa kwa mama. Ametulisha. Mgeni wangu hataondoka peke yake kama mwizi. Nitamfungia chakula, nitamsindikiza mpaka mlangoni kwao, nimkabidhi kwa mkono wangu. Mkinizuia hilo, semeni hapa watu wasikie."

Mnong'ono ukapita ukumbini. Wachimbuko wana sheria nyingi wanazoziogopa na desturi moja wanayoiheshimu, nayo ni kusindikiza mgeni. Mtu huko humsindikiza mwenzake hadi kona, yule naye humrudisha hadi mlangoni, na nimeona wawili wakimaliza mchana hivyo. Kumzuia mtu asimsindikize mgeni wake ni aibu ambayo hakuna mtu, hata wa Ofisi, aliyewahi kuibeba.

"Ofisi ina utaratibu wake wa kuyasafirisha," alisema Mheshimiwa Shekivuli. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haraka.

"Upi, mheshimiwa?" niliuliza.

"Wa ndani."

"Basi tutauona leo," alisema Bi Kazija. "Nami niko ndani."

Wajumbe walijadiliana. Ilikubaliwa kwamba aende, lakini aandamane na ofisa asiye na neno lolote katika shauri, ili awe shahidi wa haki. Ofisa wa namna hiyo nchi nzima alikuwa mmoja. Walipomwita Bwana Magunila alikuja akikimbia, akifunga tai. Mheshimiwa Shekivuli naye akatangaza kwamba amepatwa ghafla na hamu ya kusimamia mwenyewe.

Safari ya kwenda mpakani siielezi, isipokuwa niseme kwamba Bwana Magunila aliimba njia nzima.

Mlango wa Ng'ambo ni mlango kweli, wa mbao, umesimama peke yake katikati ya nyasi. Hauna ukuta. Mtu angeweza kuuzunguka. Niliuliza kwa nini hawauzunguki, na Bwana Magunila akanijibu kwamba huo ungekuwa utovu wa nidhamu. Bi Kazija akabisha.

"Nani?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Chimbuko. Tumeleta neno, linarudi kwao."

Zikasikika kelele za komeo lililoshika kutu. Aliyefungua alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sari ya kijani, na ungo wa dengu mkononi. Alituambia anaitwa Hansaben, ni mlinzi wa mlango, na kama tumekuja kuuza kitu hataki.

"Hatuuzi, dada," alisema Bi Kazija. "Tunarudisha. Huyu ni wa kwenu, alipotea kwetu. Nimemleta salama." Akafunua sinia.

Hansaben aliziangalia chapati. Aliweka ungo chini, akachukua moja, akainusa, akaivuta kwa vidole viwili. Ilifunguka tabaka kwa tabaka. Uso wake ukawa uso wa mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu aliyefuga ndevu.

"Hii mmeikunja," alisema.

"Ndiyo, dada. Nasukuma, napaka mafuta, naiviringisha kama konokono, nasukuma tena."

"Halafu mafuta mengine kwenye kikaango?"

"Pande zote mbili."

"Na humu ndani mna nini? Kuna kitu kingine humu."

Bi Kazija alisita. "Tui la nazi. Kidogo."

"Tui," alirudia Hansaben, kama anayesikia habari za kashfa katika ukoo wake. Akala kipande. Akala kingine. Akamaliza ile, akajifuta vidole kwenye ncha ya sari. "Jina ni letu. Hilo nalijua kwa sauti yake. Lakini ya kwetu husukumwa mara moja, huchomwa kavu, huvimba juu ya moto, basi. Ukiikunja na mafuta ina jina lingine kabisa. Na tui, dada yangu, hilo hakuna aliyelitia."

"Lakini neno ni la kwenu," alisema Mheshimiwa Shekivuli, akisogea mbele. "Nimelichunguza. Nina hakika."

"Una hakika na uko sahihi, baba. Lilizaliwa huku. Kisha likaja kwenu, likapata kazi nyingine, likanenepa, likazoea nazi. Sasa nikilipokea nitampa nani? Kuna chapati huku, haijawahi kuondoka, ina jina lake na inalitumia. Nitakuwa na chapati mbili zinagombea jina moja kwenye jiko langu. Silipokei."

Bi Kazija alisimama na sinia mikononi. Sijawahi kumwona mtu aliyenyimwa kitu akijizuia vile kutabasamu.

"Na kwa nini mmeanza leo?" aliuliza Hansaben, akichukua chapati ya pili. "Mlango huu una miaka haujabishwa. Nilidhani mmehama."

"Hatukuanza leo," alisema Bwana Magunila, ambaye alikuwa ofisa mwaminifu na alitaka kumbukumbu ziwe sawa hata kwa kutaja yaliyokatazwa. "Tumeshakuletea godoro, bangili, gunia, laki, gari, cheti, dobi…"

"Mmeleta kwa mlango upi?"

Bwana Magunila alitazama nyasi kulia, akatazama nyasi kushoto. Mlango ulikuwa ni huo mmoja.

"Mimi nakaa hapa tangu uliposimikwa," alisema Hansaben. "Haujapita hata mto wa kulalia. Na hata mngeleta. Cheti kwetu ni barua fupi, kikaratasi cha kumwandikia shangazi. Nasikia ninyi mnakitundika ukutani."

Sote tulimgeukia Mpimaji Mkuu. Alikuwa akichunguza bawaba za mlango kwa makini ya kitaaluma.

"Vitu vimehifadhiwa," alisema hatimaye. "Kwa muda. Mahali salama."

"Magodoro yako kitandani kwake," alisema Bwana Magunila. Akaona haya papo hapo. "Samahani, mheshimiwa. Nilikuja kukupa mkono wa Idi, ukaniambia niingie. Ulikuwa unashuka kitandani kwa ngazi."

Hakuna aliyecheka, ingawa mheshimiwa angependelea wacheke. Bi Kazija aliweka sinia chini, akamtazama Mpimaji Mkuu kutoka viatuni hadi kwenye miwani, bila haraka.

"Mtu wa namna hii," alimwambia Hansaben, "anayejilimbikizia vya wenzake, tulikuwa na neno lake. Likachukuliwa kabla ya hivyo vya kulalia. Nilishangaa wakati ule kwa nini wameanza na hilo."

"Neno gani?"

Bi Kazija alivuta pumzi. Alikuwa hajalitaja miaka mingi. "Bepari."

"Bepari?" Hansaben aliangua kicheko. "Vepari kwetu ni mfanyabiashara tu. Anafungua mlango asubuhi, anauza sukari na sabuni, anafunga, anakwenda kula. Mjomba wangu ni mmoja, na ubaya wake pekee ni kuimba. Huyu mnyonyaji mwenye ngazi mmemtengeneza wenyewe. Naye simpokei."

Akarudishia mlango mpaka ukabaki upenyo, akatutolea mkono. Bi Kazija alielewa, akampa ya tatu.

Tulirudi mjini. Bwana Magunila alisimama mbele ya Baraza, akatoa ripoti ya kwanza katika maisha yake ya utumishi. Ilikuwa ndefu, na alieleza hadi rangi ya sari, lakini kiini chake kilikuwa hiki: neno lilipelekwa kwao, kwao wakasema wanalijua ila si lao tena, na yaliyotangulia hayakuwahi kufika.

Wajumbe walibaki na shauri ambalo sheria haikuwa imelifikiria. Mjumbe mnene aliuliza kama neno linaweza kukosa kwao kabisa. Mwingine akapendekeza liwekwe mlangoni pale pale, kwenye nyasi, mpaka pande zote mbili zikubaliane. Wa tatu akataka iundwe idara. Bwana Magunila, nilimwona, aliketi wima kidogo.

"Waheshimiwa," alisema Bi Kazija, "nyie jadilianeni. Mimi nina unga umelainika kwa joto, nakwenda kuusukuma. Wa kunirudisha ajue tu kwamba naye nitamsindikiza."

Akatoka. Kwa kuwa hakuna aliyejua sheria inasema nini juu ya mtu anayetoka, hakuna aliyemzuia. Muda si mrefu harufu ikaingia dirishani, na Baraza likaahirishwa kwa sababu ambazo hazikutajwa kwenye kumbukumbu.

Mjini habari ilishatangulia. Nje ya nyumba ya Mheshimiwa Shekivuli palikuwa na msururu wa watu. Mlinzi wa getini, asijue la kufanya, alimwuliza kila mmoja anataka nini, na kila mmoja, akitazama huku na huku kwanza, alisema. Yule mzee wa asubuhi alikuwa wa mbele. "Godoro," alisema taratibu. Kisha kwa sauti: "Godoro langu, la pamba, lina kiraka cha bluu." Likashushwa kwa ngazi. Nyuma yake watu walikuwa wanasema gunia, bangili, gunia, gari, kama darasa la kwanza likisoma ubao. Dobi hakuja kuchukua kitu. Alipita tu kwenye msururu, akarusha furushi la nguo za Ofisi juu ya ukuta, likiwa bado bichi, akaenda zake.

Mimi nilikuwa kibandani nikila. Ya tatu, nzima. Bwana Magunila alikaa kando yangu na akala kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi siku hiyo. Aliniambia amegundua kwamba hana haja ya kumrudisha mtu; amekwisha mwambia Bi Kazija ajaribu kupika kuskusi, ili angalau kuwe na mgeni wa kumkaribisha. Bi Kazija alikuwa amejibu kwamba atafikiri, na kwamba tui huenda likafaa.

Hapo ndipo alipotokea Mheshimiwa Shekivuli. Alikuja peke yake, kwa miguu, bila miwani. Ilionekana hajala tangu asubuhi. Watu waliokuwa kibandani wakamwachia nafasi, kwa sababu ya mazoea. Akasimama mbele ya kikaango, akanyoosha kidole, akakohoa.

Bi Kazija aligeuza iliyokuwa motoni. "Karibu, mheshimiwa. Nikupe nini?"

"Hicho."

"Hicho nini?"

"Hicho cha duara."

"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyetufundisha. Kisicho na jina hakina mwenyewe. Sasa nitakuuziaje kitu ambacho si changu?"

Mpimaji Mkuu aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Barazani alikuwa amelitaja neno hilo mbele ya umati bila kigugumizi, lakini pale lilikuwa la kukamatwa, na hapa lilikuwa la kuombwa. Midomo yake ilisogea.

"Sisikii," alisema Bi Kazija. "Mafuta yanalia."

"Chapati," alisema Mheshimiwa Shekivuli.

"Ngapi?"

"Mbili."

Bi Kazija alimwekea mbili kwenye sahani, za moto, akasukuma sahani kwake. Lakini mheshimiwa hakuondoka. Alibaki amesimama, macho yake kwenye bakuli lililokuwa nyuma ya mama yule, lenye nyanya, vitunguu na pilipili iliyokatwakatwa. Kidole chake kikaanza kuinuka. Akakishika kwa mkono wa pili, akakishusha.

"Na kachumbari," alisema.